Jezi ya Magesa Chini ya Sare Yangu

Enzi zetu pale Mukendo, karatasi ya gazeti haikutupwa. Muuza karanga alifungia karanga, muuza samaki alifungia furu, lakini mimi na dada yangu Nyabise tuliikunjua kwanza tukitafuta jina moja: Magesa. Huyo alikuwa golikipa, mtoto wa mtaa wa jirani, Nyasho, wa kwanza kutoka kwetu kuitwa timu ya taifa. Kila kipande chenye jina lake tulikibandika kwa uji wa muhogo kwenye daftari kuukuu la baba, aliyekuwa mwalimu. Daftari lilinuka samaki, na sisi tulilipenda hivyo hivyo.

Zaidi ya daftari, tulikuwa na jezi. Magesa alitoka nayo kwenye mechi nje ya nchi, akampa mama, aliyekuwa akimfulia tangu anachezea timu ya mtaa.

Halafu ukaja msako wa wahujumu uchumi, yaani walanguzi na wenye bidhaa za magendo. Tukasikia watu wanaulizwa hata sabuni wameitoa wapi. Wengine wakatosa vitenge ziwani. Mama akawa anashtuka kila mlango ukigongwa.

"Hiyo jezi ya nje itatufunga," alimwambia baba. "Risiti iko wapi?"

"Zawadi inakuwaga na risiti?"

"Basi utawaelezea wewe."

Kesho yake nikaivaa chini ya sare ili isikutwe nyumbani, nikaenda nayo shule siku tatu mfululizo. Jasho lilinitiririka, na sikuthubutu kunyoosha mkono darasani, kola isije ikachungulia.

Siku ya tatu narudi kula mchana, nikawakuta mgambo wawili nyumbani. Walishapekua sanduku, na mmoja alikuwa anafunua daftari letu.

"Huyu alipangua penalti mbili," alisema taratibu. "Nilikuwepo uwanjani." Kisha akaniangalia shingoni. "Huyu mtoto mbona anatetemeka?"

"Ana malaria," mama akasema.

"Mpeni dawa, basi." Akafunga daftari, wakaondoka.

Alasiri hiyo hiyo mama alinivua jezi, akaifungia jiwe, akaitosa ziwani. Nyabise alilia. Mimi, nakiri, nilihisi mwili umekuwa mwepesi.

Miaka ikapita, biashara ikafunguliwa, mitumba ikamwagwa Mukendo mafungu kwa mafungu. Leo wanangu wana jezi za wachezaji wa Ulaya na wanajua mpaka majina ya wake zao. Ukiwatajia Magesa wanatafuta kwenye simu, halafu wanakwambia hayupo.

Magesa alifariki mwaka jana, akazikwa Butiama, kijiji cha asili cha wazazi wake. Mwandishi wa wasifu wa marehemu alitegemea daftari letu, maana wengine wote hawakuwa na kitu. Wakati wasifu unasomwa msibani, vijana nyuma ya turubai walikuwa wanaangalia mechi kwenye simu. Mmoja akaniinamia, akauliza kwa heshima, "Samahani mama, kwani marehemu aliwahi kucheza mpira?"

Sisi, katika umri wake, tulijua mpaka mlango wa kwao Magesa umepakwa rangi gani.