Moshi wa Ubani Kwenye Kichupa

Mnisamehe herufi zilizopinda na maneno niliyoyakosea. Skuli niliachia darasa la sita, na kuandika kwangu ni kwa polepole. Lakini jambo hili nataka liandikwe kwa mkono wangu, si wa binti wa ami yangu.

Yeye na mimi tulizaliwa mwezi mmoja hapa kisiwani Chovai. Yeye alipelekwa Mombasa akasoma hadi kidato cha nne. Mimi nilibaki nikiteka maji kisimani kwa bibi. Basi alipokuja mama mmoja fundi kutoka Kismayo, na kipimo cha maji mkononi, alimwita nani? "Abaayo, dada yangu, wewe unayejua kuandika, njoo."

Kipimo ni kisanduku cheusi. Unatia maji kwenye kichupa cha kioo, unakichomeka ndani, mwanga wa kijani unapita. Kama maji yana chembe za plastiki au za rangi ya mashua, ndogo hata jicho halizioni, mwanga hutawanyika na namba hupanda. Kila asubuhi binti ami aliandika namba daftarini, haraka, bila hata kuitazama kalamu. Mimi niliosha vichupa. Nilimwonea wivu.

Asubuhi moja bibi alikuwa akifukiza mtungi kwa ubani ili maji yanukie. Nikachukua vichupa, nikavifunika juu ya moshi kimoja kimoja. Nilitaka fundi aulize, "Nani kaviosha vizuri hivi?"

Namba ikapanda kama haijawahi kupanda.

"Abaayo, umekishika kioo kwa vidole?" fundi akamwuliza binti ami.

"Sikukishika, wallahi!"

Akapima tena, ikawa ile ile. Machozi yalimlenga. Mimi niliisikia harufu ya ubani kwenye kichupa, nikajifanya naosha vingine. Mungu anisamehe, nilifurahi. Siku ya pili nikavifukiza tena, na safari hii nilijua nifanyalo.

Fundi akamwambia bibi kisima kifunikwe mpaka ijulikane uchafu unatoka wapi.

"Kifunikwe?" bibi akasema. "Tunywe nini, mwanangu, bahari?"

Lakini akainuka, akaanza kuburura ubao wa mashua kuukuu kuelekea kisimani, peke yake, mgongo umepinda. Hapo sikuweza tena.

"Ni moshi umeganda kwenye kioo," nikasema. "Mimi nimevifukiza vichupa."

Bibi akauachia ubao, akacheka. "Mchu huyu, mtu wa ajabu! Kavifukiza vichupa kama nguo za bibi arusi!"

Binti ami hakucheka. Alinitazama, kisha akachukua vichupa viwili, kimoja akakifukiza, kingine akakiacha, akavitia maji ya ndoo moja. Cha moshi namba juu, cha pili chini kama zamani.

"Abaayo, una akili!" fundi akasema. Alimwambia yeye.

Kisima kikabaki wazi. Daftarini imeandikwa "moshi wa ubani", kwa mwandiko mzuri, na jina lake liko juu ya ukurasa. Langu halimo. Nilipomwuliza akanijibu, "Wataka niandike na wivu wako pia?"

Wivu ninao bado.

Wewe unayesoma, niandikie, hata mistari miwili, kwa herufi kubwa; jina langu nimelitia nyuma ya karatasi hii. Barua huja na boti ya Kismayo, na majina husomwa kwa sauti pale pwani. Nataka siku moja lisomwe langu, naye binti ami awepo anasikia.