Nimemuovateki Baba Mkwe

Jamani, niko Issuna kwa kina mchumba wangu na sijui nikae au nikimbie.

Leo nimekuja kujitambulisha. Nimechelewa, pikipiki naikimbiza. Karibu na kijiji nikamkuta mzee na baiskeli, kabeba gunia la alizeti. Nikapiga honi, nikamuovateki. Shikamoo sikutoa, vumbi nikamwachia.

Nafika, naambiwa nisubiri, baba yuko njiani.

Mnajua nani kaingia na gunia, nyusi zimejaa vumbi?

"Shikamoo baba!" Niliitoa kwa nguvu mpaka kuku wakaruka.

Hakuitikia. Akamwambia mkewe, "Ndiye huyu aliyeniovateki."

Mama akauliza, "Kuovateki ndiyo nini?"

"Ni kumpita mtu kama humwoni."

Mchumba wangu akainamisha kichwa.

Mzee akashusha gunia, akasema anakwenda kumwita kaka yake, bila yeye kikao hakianzi. Nikaruka, "Baba, nikupeleke na pikipiki!"

Akapanda baiskeli yake. Alipofika barabarani ndipo akajibu, "Marahaba."

Sasa nimekaa hapa, funguo mkononi. Nishaurini haraka: nimfuate?

Naogopa nitampita tena.