Mchagua milango aliyemhamisha dada yake

Saa moja asubuhi. Jua bado halijachomoza juu ya Winnipeg, na baridi ni nyuzi thelathini chini ya sifuri. Norbert Ducharme amesimama ndani ya mlango wa jengo moja la ofisi katika barabara ya Portage, ameshika kipande cha karatasi ya chooni kwa vidole viwili, anakitazama kwa makini.

Kila mtu anaposukuma mlango na kuingia, karatasi inaruka na kupepea kuelekea ndani. Mlango ukijifunga, inalala.

"Mzee, choo kiko kule nyuma ya lifti," mlinzi anamwambia, akijitahidi asicheke.

"Najua. Nimechukua mapema, huko mbeleni ikiisha mtanitafuta," Norbert anajibu bila kugeuka.

Mlinzi anashindwa kujizuia.

Norbert, mwenye umri wa miaka 61, ameajiriwa na kampuni ndogo inayouza milango ya kuzunguka: ile ya vioo yenye mabawa matatu au manne, ambayo mtu huingia katikati ya bawa na bawa, akatembea nayo nusu duara na kutokea upande wa pili kabla upepo haujapata upenyo. Zamani alikuwa fundi wa kuifunga, mpaka bega lilipomkatalia. Siku hizi yeye hutangulia. Hukaa mlangoni asubuhi nzima akitazama watu, kisha humwambia mwenye jengo ni mlango upi unaomfaa.

"Watu wanadhani nachagua vioo na rangi," anasema. "Mimi naangalia nani anaingia. Kuna anayesukuma kigari cha mtoto, kuna anayekokota begi, kuna mwenye fimbo. Mlango ukimtisha mtu, atapita ule wa pembeni. Wakipita wote pembeni, basi umenunua kabati la vioo."

Anapenda kazi yake. Lakini ukimuuliza ni mlango gani uliomsumbua kuliko yote, anavua miwani na kuifuta, ingawa haina vumbi.

"Ule wa Tremaine," anasema. "Ule uliomwondoa dada yangu."

Norbert na Léontine walizaliwa St. Laurent, kwenye kijiji cha Wametisi, watu wenye asili ya Wazawa wa Kanada na Wafaransa, kando ya ziwa Manitoba. Mama yao alifariki Norbert akiwa bado darasa la tatu. Baba alikuwa akifanya kazi ya reli, mbali, na alirudi kwa nadra. Léontine, aliyekuwa binti wa miaka kumi na tano tu, aliacha shule, akawa ndiye anayepika, anayefua na anayemsimamia mdogo wake afanye hesabu.

"Alinilea kwa supu na kelele," Norbert anasema huku akicheka. "Mpaka leo nikisikia mtu akigombeza kwa sauti ya juu, njaa inaniuma."

Léontine alitangulia mjini, akaosha vyombo hotelini, akatafuta chumba, akamwita mdogo wake. Baadaye alipata kibanda cha kahawa kwenye ukumbi wa kuingilia wa jengo la Tremaine, mkono wa kushoto ukiingia. Hapo aliuza kahawa, mkate wa bannock na supu ya viazi na madonge ya nyama kwa miaka mingi, huku majira ya baridi akivaa koti na glavu alizozikata ncha za vidole ili aweze kuhesabu chenji.

Baridi ile ndiyo iliyoleta mambo yote. Tremaine ni jengo refu, na jengo refu lenye joto huvuta hewa kutoka chini kama dohani inavyovuta moshi. Kila milango ya kawaida ilipofunguliwa, upepo uliingia kwa nguvu hadi vikombe vya karatasi vikapeperuka kibandani. Wapangaji walilalamika. Vuli ya mwaka juzi, meneja wa jengo, Priscilla Toews, aliiita kampuni ya Norbert.

Siku ya kwanza tu, Norbert alimweleza ukweli.

"Nilimwambia, yule mama wa kahawa ni dada yangu wa damu. Kama unataka mtu mwingine, sema sasa."

Priscilla alicheka. "Basi wewe utakunywa kahawa ya bure. Endelea na kazi."

Wakati ule hakuna aliyejua kwamba kungekuwa na tatizo.

Norbert alikaa kwenye stuli kando ya kibanda cha dada yake, akatazama. Ghorofa ya pili ya Tremaine kuna kliniki ya macho. Wagonjwa wake wengi ni wazee. Wanaingia wakiwa wanajitegemea, wanatoka jicho moja likiwa limefunikwa bandeji na lingine halioni vizuri, wameshikwa mkono na binti, au mke, au jirani. Wanatembea bega kwa bega, polepole, wakipapasa hewa mbele yao.

Yalikuwepo machaguo mawili ya kweli. La kwanza ni mlango mdogo wa mabawa manne, wa kusukuma kwa mkono. Ungetosha pale pale penye milango ya zamani na kibanda kisiguswe. Lakini kila nafasi katikati ya mabawa yake inabeba mtu mmoja tu.

La pili ni mlango mkubwa wa mabawa matatu, unaozunguka wenyewe kwa mwendo wa taratibu na kusimama ukimgusa mtu. Humo wawili wanapita wameshikana. Ila duara lake ni pana. Norbert alipochora chaki sakafuni kuona litafika wapi, mstari ulipita katikati ya kibanda cha Léontine. Aliufuta haraka kwa soli ya kiatu kabla dada yake hajauona.

"Mlango wa kawaida wa pembeni ungekuwepo vyovyote vile, sheria inataka," anaeleza. "Ningeweza kusema, wagonjwa wapite hapo. Lakini ule ukifunguliwa kila dakika, upepo unarudi na tumefanya kazi bure. Na upepo ukiuvuta, mzee hawezi kuufungua. Nilikuwa najua haya yote."

Pamoja na kuyajua, aliandika mapendekezo ya mlango mdogo. Karatasi akaiweka kwenye mkoba, lakini hakuipeleka.

Léontine ndiye aliyegundua kwamba mambo si shwari. Mdogo wake alikuwa anakunywa supu bila kusema neno, na hilo halijawahi kutokea.

"We Bébert, unanuna nini?" alimuuliza. Hilo ndilo jina la utotoni, na ni yeye peke yake aliyebaki wa kumwita hivyo. "Supu mbaya?"

"Supu nzuri."

"Basi una ugonjwa. Ulimi toa nje nikuone."

"Acha utani, dada."

"Mimi sitanii. Mtu wa kuongea kama redio, leo kimya. Au ni huu mlango?"

Akamwambia. Akamweleza milango yote miwili, na mstari wa chaki, na kwamba ameshaandika ule mdogo. Léontine alishusha pumzi, akajishika kifua.

"Ulinitisha! Nikadhani una habari mbaya. Basi si nimesalimika?"

"Umesalimika."

Akageuka kumhudumia mteja. Alipomaliza aliirudia kaunta, akaipangusa mara mbili, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Bébert. Kama ungekuwa hunijui, ungeandika upi?"

Norbert aliangalia bakuli lake.

"Nimekuuliza."

"Kunywa kahawa yako, dada."

"Kahawa nauza, sinywi. Jumapili nipeleke nikauone huo mdogo unavyofanya kazi."

Jumapili mchana wakaenda kwenye jengo la benki katikati ya mji, lenye mlango wa mabawa manne unaofanana na ule aliouandika. Norbert anaikumbuka siku hiyo kwa uwazi kabisa. Léontine alivaa kofia yake ya manyoya ya kwenda kanisani, akauzungukia mlango kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Sasa," alisema, "mimi nimetoka kupasuliwa jicho." Akafumba macho yote mawili. "Nishike mkono, nitoe nje."

"Dada, watu wanatuangalia."

"Wao wana macho, waache watazame. Mimi sina. Twende."

Akamshika mkono. Walipofika kwenye mabawa ikawa wazi kwamba hawawezi kuingia pamoja. Ilibidi amwachie. Akamsogeza mbele taratibu, kisha yeye akaingia nafasi ya nyuma na kusukuma. Mlango ulikuwa mzito. Ulipokolea mwendo, bawa lilimgonga Léontine mgongoni. Akanyoosha mikono, akagusa kioo mbele, kioo pembeni, kioo nyuma.

"Bébert!" aliita. "Bébert, uko wapi?"

"Niko hapa, nyuma yako! Fungua macho!"

Hakuyafungua. Alikuwa ameahidi kuwa mgonjwa, na yeye ni mtu wa kushika ahadi. Alisimama ndani ya kioo, mlango ukakwama, nyuma yao watu wawili wakisubiri. Norbert alikuwa hatua moja kutoka kwake na hakuweza kumgusa.

"Sijawahi kusikia dada yangu akiniita kwa sauti ile," anasema. "Siku zote mimi ndiye niliyekuwa namwita yeye."

Walipotoka nje, Léontine alifumbua macho, akaweka kofia sawa. Walitembea hadi kwenye gari. Alipofunga mkanda akasema, "Andika ule mkubwa."

"Dada, kibanda..."

"Nimesema andika ule mkubwa. Unadhani wale wazee nawaona mara moja? Nawaona kila siku. Bwana Halldorson ananunua supu kwangu tangu mkewe akiwa hai. Umfungie ndani ya chupa kwa sababu yangu?" Kisha akatazama dirishani. "Na usinisemeshe mpaka tufike."

Hakumsemesha. Kwa kweli hawakusemezana karibu wiki nzima, maana kuwa na moyo mwema hakumaanishi kutokuwa na hasira. Norbert aliichana karatasi ya kwanza, akaandika nyingine, akaipeleka kwa Priscilla. Wamiliki wa jengo waliipitisha. Mwezi uliofuata Léontine alipata taarifa ya kuhama.

Siku ya kubomoa kibanda, Norbert aliomba ruhusa kazini. Alikwenda na bisibisi zake za zamani, bega bovu na yote, akakifungua kibanda mwenyewe, ubao mmoja mmoja, ili kisipigwe nyundo. Léontine alisimama kando akitoa amri.

"Polepole hapo! Hiyo kaunta ina umri mkubwa kuliko ndoa yako."

"Ndoa yangu ilivunjika, dada."

"Ndiyo maana nakwambia polepole."

Mafundi wa kubomoa waliacha kazi, wakacheka. Kisha Léontine akaenda kusimama nyuma ya nguzo, na Norbert akajifanya anatafuta skrubu iliyoanguka mpaka aliporudi.

Priscilla hakumtupa. Alimpatia kona kwenye ghorofa ya pili, karibu na chumba cha kusubiri cha kliniki. Huko kuna joto, na Léontine amevua koti na glavu. Lakini mapato yamepungua kwa karibu robo. Watu wa ofisini wanaokimbilia kahawa asubuhi hawapandi juu. Wanaokuja ni wale wanaosubiri wagonjwa wao, na hao hununua supu, hukaa, huongea.

"Nauza kidogo, nasikiliza sana," Léontine mwenyewe anasema anapotembelewa na gazeti hili kwenye kona yake. Anatikisa kichwa kumwelekea mdogo wake, aliyekaa na bakuli kama kawaida. "Huyu ananilipa siku hizi. Zamani alikuwa anakula bure. Sasa ana hatia, na mimi siwezi kuacha kuitumia."

"Nilisema nitalipa mwaka mmoja tu," Norbert analalamika.

"Mwaka haujaisha."

"Uliisha Novemba!"

"Kalenda yangu ni tofauti."

Chini, mlango mkubwa unazunguka. Mwanamke aliyevaa koti la kijani anamwongoza mumewe aliyefunikwa jicho. Wanaingia pamoja, bega kwa bega, kwenye nafasi moja. Mume anapunguza mwendo, mlango nao unapunguza. Wanatokea barabarani kwenye theluji bila kuachiana. Ukumbini, hakuna karatasi inayoruka.

Je, Norbert anajuta?

"Mlango sijutii. Ni mlango mzuri," anasema. "Namsikitikia yeye anapopanda ngazi na sufuria lile, siku ambazo lifti imeharibika. Vyote viwili ni kweli."

Sasa kuna jambo jipya. Upande wa nyuma wa Tremaine, unaotazama kituo cha basi, wamiliki wanataka kufungua lango jingine majira ya kuchipua, na kwa mara nyingine watahitaji mlango. Asubuhi, watu wengi wa ofisini watapita huko. Léontine ameshakwenda kupaangalia. Amepima nafasi kwa hatua zake mwenyewe, na anataka kuomba kona ya chini kwa ajili ya kahawa, huku akiendelea na supu ghorofani. Binti wa jirani yake amekubali kumsaidia.

"Safari hii wapime kibanda kwanza," anasema. "Mlango ujibane unapoweza."

Priscilla amewaita wote wanaohusika kwenye kikao mwezi ujao. Kampuni ilimpangia Norbert kazi hiyo, naye akaikataa. Amemwomba mwenzake, msichana makini ambaye Norbert alimfundisha mwenyewe, akakae mlangoni na kutazama watu badala yake.

"Yeye achague mlango unaofaa, sitamwingilia," anasema. "Mimi siku hiyo nimeomba likizo. Nitakaa upande ule wa meza atakaokaa dada yangu, na wakiniuliza nimekuja kama nani, nitawaambia nimekuja kama Bébert."