Nyota za Sanduku la Majani Chai

Mwalimu Rebeccah Chepyegon alikuwa mtu mpole, mpaka uguse sanduku lake. Lilikuwa sanduku kuukuu la majani chai kutoka kiwanda cha karibu na Kiptere. Alilitoboa kwa msumari, tundu moja kwa kila nyota, akaweka taa ndani, akaziba madirisha ya darasa kwa magunia. Mchana kweupe, watoto wa wachuma chai wakaona nyota ukutani. Darasa la saba aliwafundisha majira ya mwaka. Wadogo wa darasa la kwanza aliwaonyesha Koremerik tu, kile kishada cha nyota ambacho Wakipsigis hukitazama kabla ya kupanda wimbi.

Mwaka wa 1971 akaja mkaguzi wa shule. Wadogo walipopaza sauti, "Koremerik!" mkaguzi akakunja uso.

"Hilo si jina. Jina liko kwa kitabu. Na hawa wadogo, nyota ni za nini? Watoe nje."

Damu ikamchemka Rebeccah. Tangu lini mtoto akawa mdogo mno kutazama juu?

"Bwana mkaguzi," akasema, "kabla watoke, hebu tuonyeshe wewe hiyo nyota ya kitabu."

Mkaguzi akakohoa, akanyoosha kidole gizani kwenye nuru moja kali kuliko zote, akaitaja kwa Kiingereza.

Darasa zima likaangua kicheko.

"Hapo ni dirishani, bwana," Rebeccah akasema. "Panya walitoboa gunia. Sasa niambie, nani atoke nje?"