Ndege Wasioacha Nyayo

Usiku wa kuamkia leo nililala na kosa ambalo sisi wasomi hulitenda kwa wepesi kuliko watu wengine: kuandika tusichokiona.

Marehemu Bi Mwanakombo, mwalimu aliyenifunza kuwajua ndege wa msimu kabla nami sijawa mwalimu, aliniachia daftari lake la kuwahesabia. Kila mwezi wa tisa, ndege waikimbiao baridi ya kaskazini hutua kwenye hori letu, mkono wa bahari uingiao nchi kavu. Maji yakijaa huwasukuma hadi kwenye fungu la mchanga, na hapo ndipo huhesabiwa. Jana, siku ya kuhesabu, mvua ilinyesha. Nikabaki barazani na chai yangu, nikaandika idadi ya ndege: “Sululu, mia mbili,” kama mwaka uliopita. Asubuhi kijiji kingelisikiliza daftari hilo na kuamua iwapo fungu lichimbwe mashimo ya chumvi au liachiwe ndege.

Usingizini nikajiona nimesimama horini. Jua limewaka. Bi Mwanakombo yu mbele yangu, ameinua buibui lake lisiguse tope, daftari kwapani. Analifungua, sululu wanatoka kurasani, midomo mirefu imepinda, wanatua na kutembea. Furaha ikanijaa.

“Wazuri,” anasema. “Ni wako hawa?”

“Ni wangu, Bi.”

“Basi hebu tazama chini, Mwalimu.”

Natazama. Tope ni laini kama uji, lakini ndege wangu hawajaacha hata alama moja. Nyuma yake yeye nyayo zimefuatana toka mikokoni, kila moja imejaa maji.

“Mimi nimekufa,” anasema, akicheka kile kicheko chake cha puani, “na nyayo zangu waziona. Hao wako wana maradhi gani?”

Nikainamisha kichwa. Nilipokiinua, hori limekuwa darasa lake la zamani, maji yanapita chini ya madawati, nami nimekaa mbele kabisa. Ananiwekea daftari, kidole chake juu ya mstari mtupu wa mwaka alipougua.

“Huu nao ni ushahidi,” anasema. “Sikuujaza.”

Nikaamka kumekucha, mvua imekatika. Kabla ya kunawa uso nikaukata ule mstari wangu, nikaandika chini yake: “Mvua. Sikwenda.” Moyo ukatulia kama wa mtu aliyeshusha mzigo. Mkutanoni nitayasoma maneno hayo jinsi yalivyo, niwaombe wanangu wa kijiji wasubiri maji ya leo yajae, twende tukahesabu pamoja. Watanicheka, na wana haki. Naye atakayeuliza ni nani aliyenirudi, nitamtaja: Bi Mwanakombo.