Safari ya Tukuyu na Usukani wa Padre

Sisi tuliokulia Sumbawanga miaka ya Ujamaa tuliijua baridi kabla hatujajua kusoma. Mwezi wa sita upepo wa Ufipa ulipita kwenye sweta utadhani sweta halipo. Tulikwenda shule tumeficha mikono kwapani, miguu imepauka, maana mafuta ya kupaka yalifika duka la ushirika siku ile tu ambayo hukwenda. Jioni tulicheza rede mpaka tukaitwa kwa majina yetu yote, tukala ugali wa ulezi na migebuka iliyopandishwa kutoka Ziwa Tanganyika, kisha tukalala watatu kitanda kimoja tukipeana joto. Vijana wa leo kila mmoja ana chumba chake na blanketi lake, na asubuhi bado anakwambia hakulala vizuri.

Nyumbani kwetu Chanji tulikuwa na gari. Msishtuke. Baba alikuwa karani wa serikali tu, na gari lenyewe lilikuwa kuukuu, jeusi, la Kiingereza, aliloachiwa na padre mmoja mzungu aliyekuwa anarudi kwao. Mtaa mzima ukaliita Padre. "Padre kaamkaje leo?" majirani walimuuliza baba, naye alijibu kwa heshima zote kwamba kaamka na kikohozi. Sisi tulikuwa Wamoraviani kutoka upande wa Mbeya, mtaa umejaa Wakatoliki, na jambo la Padre kulala uani kwetu liliwafurahisha wao kuliko sisi.

Mwaka ninaousema, Padre aliugua usukani. Baba aliweza kuuzungusha karibu nusu duara kabla magurudumu hayajapata habari. Hata barabara iliponyooka, mikono yake ilikwenda huku na huku kama ya mtu anayepepeta ulezi. Ugonjwa ulikuwa kwenye steringi boksi, yaani kile chuma kilicho chini ya usukani, kinachopokea mzunguko wa mikono ya dereva na kuupeleka kwenye magurudumu. Ndani meno yalikuwa yamelika. Kwa kwenda sokoni na kanisani, baba alisema, yanatosha.

Ndipo msafiri mmoja akatuletea habari kutoka Tukuyu. Alimwambia mama kwamba bibi hatoki tena kitandani, na kila akisikia gari likipita barabarani anauliza, "Ni Tupoki huyo?" Tupoki ndiye mama yetu. Alikuwa hajakanyaga kwao tangu nilipozaliwa mimi, na basi la kwenda huko lilikuwa limelala kwa kukosa matairi.

Mama hakulia. Alimwekea baba chakula, akasimama.

"Baba Tumaini, nataka nikamwone mama yangu."

"Kwa usukani huu? Nitawamaliza wote njiani."

"Basi utengenezwe."

Utengenezwe! Vipuri vya gari miaka ile vilikuwa vya kusimuliwa tu. Lakini mtaa wa pili alikuwapo Fundi Deusi, Mfipa mcheshi aliyefanya kazi chini ya mkaratusi, na yeye alikuwa amesikia kwamba kule Kasanga, ziwani, kuna mwenzake Padre, gari la aina ileile, aliyefia huko baada ya kuvushwa kutoka Zaire. Steringi boksi lake likapakiwa juu ya magunia ya dagaa, likafika kwetu likinuka ziwa zima. Tulilizunguka kama mgeni kutoka Ulaya. Kulifunga kukawa kazi, maana miguu yake ilitazama upande usiotakiwa. Fundi akaligeuza, akatoboa matundu mapya, akafunga, akapiga makofi ya kujipongeza mwenyewe.

Siku ya kujaribu, baba alivaa tai. Watu wakatoka majumbani. Baba akawasha, akakata usukani kulia atoke getini, na Padre akaenda kushoto. Baba akakata kulia zaidi, na Padre, mtiifu kuliko alivyowahi kuwa maishani mwake, akaingia moja kwa moja kwenye mikeka ya jirani yetu Mama Sabina alipoanika ulezi. Kuku waliruka, watoto tukaruka, Padre akazimika katikati ya ulezi.

Sasa, mji wetu una sifa yake, na msomaji anaijua. Mtu akisikia tu umetoka Sumbawanga, anavuta kiti chake nyuma kidogo.

"Mama Tumaini, hili gari limerogwa," alisema Mama Sabina. "Mtu anakwenda huku, lenyewe linakwenda kule! Si kazi ya mikono hiyo."

Mama alikuwa amepiga magoti anamsaidia kukusanya ulezi. "Dada yangu, nani apoteze dawa yake kwa gari bovu hivi?"

Hata Mama Sabina alicheka. Fundi Deusi alikwishalala chini ya gari, na alipotoka uso wake ulikuwa wa mtu aliyekumbuka kitu akiwa amechelewa. Kule Zaire dereva hukaa kushoto, na boksi limetengenezwa kwa mkao huo. Yeye alipoligeuza likae kwetu, akageuza na dunia yote.

"Mzee, mengine yote yamekaa sawa," alisema. "Ni kulia na kushoto tu."

Baba naye, kwa aibu ya kushindwa mbele ya mtaa, akasema labda anaweza kuzoea. Mama akamtazama. "Utazoea sisi tukiwa wapi?" Hilo likaisha hapo.

Siku zilizofuata mama aliacha kuitaja Tukuyu. Alipika, alifua, alituchana nywele, na hakuitaja. Sisi watoto tulijua kwamba kama likizo ya baba ingeisha bila Padre kuondoka, mama asingemwona tena mama yake, na hata ugomvi wetu wa kawaida tuliuacha.

Jioni moja alikaa barazani na cherehani yake akigeuza kola za mashati ya baba. Ninyi mliozaliwa juzi hamjui kitu hiki. Shati halikutupwa. Kola ikichakaa, ilifumuliwa, ikageuzwa upande wa ndani uwe wa nje, ikashonwa tena, na mtu akarudi ofisini kama mpya. Pembeni Fundi Deusi alikuwa ameinamia karai la mafuta ya taa, analiosha boksi letu la zamani ili alirudishe, maana hakuwa na jingine. Alitoa gia ya duara, meno pande zote. Upande mmoja yalikuwa yamelika, yamekuwa laini kama ufizi wa mzee.

"Fundi," mama akasema, "haya ya huku mbona mazima?"

"Hayo hayafanyi kazi, mama. Usukani hauzunguki kufika huko."

"Basi si uigeuze?" Na akainua kola.

Fundi akacheka. Akacheka tena kidogo. Kisha akaitazama gia, akaiweka mahali pake, akaizungusha robo duara mpaka meno mapya yakakutana na mwenzake, na hakucheka tena mpaka alipomaliza. Beringi alichukua kwenye lile boksi la Zaire, kwa hiyo halikupanda bure. Gaskiti ya kuzuia mafuta yasivuje aliikata kwenye katoni ya biskuti. Baba alipotoka getini safari hii, alikata kulia na Padre akaenda kulia, na Mama Sabina, aliyekuwa amehamisha mikeka yake mapema, akapiga vigelegele.

Tuliondoka alfajiri, tumefunikwa vitenge, tunaimba tenzi mpaka vumbi likatunyamazisha. Tulilala Tunduma kwa rafiki wa baba. Kesho yake migomba ya Tukuyu ikaanza kuonekana. Tulipoingia uani kwa bibi, mama alishuka Padre akiwa bado anatembea. Tulimsikia bibi kutoka ndani akiuliza vilevile tulivyosimuliwa, "Ni Tupoki huyo?" na mama akijibu, "Ni mimi, mama." Aliketi chini, ubavuni mwa kitanda, na bibi akamshika kiganja. Chakula kilipoa. Jua lilizunguka nyumba, sisi tukacheza, tukachoka, na mama bado alikuwa amekaa pale. Sijawahi kumwona ametulia vile, kabla wala baada.

Bibi alifariki mahindi ya mwaka uliofuata yakiwa mabichi. Padre naye alichakaa, akauzwa vipande vipande.

Leo kutoka Sumbawanga mpaka Mbeya ni lami tupu, na wanangu wana magari ambayo usukani wake unazungushwa kwa kidole kimoja. Wakisikia nasimulia haya wanasema, "Mama, mliteseka sana." Sijui. Mama yangu sasa ndiye bibi, yupo Chanji ileile, na wao humpigia simu za picha. Juzi nilikuwa nimekaa naye walipopiga. "Bibi, tunakuona! Umependeza! Haya, bibi, baadaye!" Kioo kikawa cheusi. Mama aliendelea kukishika mbele ya uso wake, kisha akanigeukia.

"Mbona hata hawakukaa?"