Mama Waya na diski inayoonekana mara mbili

Saa tatu na nusu asubuhi Mama Waya yuko sakafuni nyuma ya kabati la diski za hospitali, ameegemea goti la kulia. La kushoto halikunjiki tena. Mbele ya uso wake zinaning'inia waya mbili, kila moja imebandikwa kipande cha plasta ya vidonda: A na B. Moja imekufa. Anatakiwa kuichomoa.

Ghorofa ya juu daktari anampasua mgonjwa nyonga huku akitazama picha za eksirei kwenye kioo. Picha hizo zinatoka ndani ya kabati hili. Ikichomolewa waya iliyo hai, kioo cha daktari kitakuwa cheusi.

"Kompyuta inasema iliyokufa ni B," anasema mtunza stoo, mwanamume mzima anayejifunza kazi hii kwake, na ndiye aliyeshika tochi. "Tuchomoe B tumalize, mama."

Mama Waya anaendelea kuzikagua waya zote mbili.

Ana miaka hamsini na miwili. Kwa miaka kumi na minane alikuwa mpokea simu wa hospitali, na jina lake limetoka huko. Simu za mezani zilipoondolewa, akahamishiwa humu. Hakusomea kazi hii. Alijifunza kwa kuuliza, na kwa kosa moja.

Diski kubwa ya hospitali imefungwa waya mbili ili moja ikikatika, nyingine ibebe. Lakini kompyuta ikiifikia diski moja kwa njia mbili, inaiandika kama diski mbili. Ipo programu ya kuziunganisha ziwe jina moja. Isipowashwa, utaona mbili.

"Wewe kwenye simu yako una Shemeji na Shemeji Laini Mpya," anaeleza. "Piga huku, piga kule, anapokea shemeji yule yule. Mimi nikadhani nina mashemeji wawili."

Hiyo ni miaka sita iliyopita. Programu ilikuwa imezimika baada ya matengenezo, na bosi alikuwa anamsukuma atafute nafasi ya picha mpya. Akaona diski mbili za ukubwa sawa: moja inafanya kazi, nyingine imekaa tu. Akaifuta iliyokaa tu. Dakika chache baadaye chumba cha eksirei kikapiga simu: picha zimepotea.

Nakala ya akiba ilikuwa ya siku tatu nyuma. Wagonjwa sitini na mmoja waliitwa kupigwa picha upya. Mmoja alikuwa mzee aliyevunjika nyonga, ambaye kugeuzwa tu kulimtoa machozi. Machela yake aliisukuma Mama Waya mwenyewe, bila kutumwa na mtu.

"Hakunitukana," anasema. "Afadhali angenitukana."

Ndiyo maana leo havuti waya. Anamwambia mtunza stoo amulike tundu lenyewe, aachane na plasta. Kila tundu lina namba yake ndefu. Anaisoma tarakimu moja moja, mwenzake analinganisha na kompyuta. Wanarudia.

Namba ya njia iliyokufa iko kwenye waya A. Mwezi uliopita kabati lilisogezwa ili ukuta upakwe rangi, plasta zikabanduka, na aliyezirudisha alibahatisha.

Mtunza stoo anashusha tochi. "Mimi nilishapeleka mkono."

"Nilikuona."

Hata baada ya kujua, Mama Waya hataki kubahatisha na mtu aliye kwenye meza ya upasuaji. Anakaa sakafuni dakika thelathini na tano, maji anayakataa, mpaka muuguzi anapopiga simu kwamba mgonjwa anashonwa. Anavuta A. Anahesabu hadi kumi, simu sikioni. Muuguzi anasema picha bado ipo. Waya mpya inaingia, njia zinakuwa mbili tena.

Goti lake limepangiwa upasuaji mara tatu, na mara tatu ameahirisha kwa kukosa wa kumwachia chumba. Tarehe ya nne ni Jumatano. Picha za goti hilo nazo zimo kwenye diski hiyo hiyo. Safari hii anasema atakwenda, na akipona anataka kufundisha wengine wawili kabla hajastaafu.

Anamkabidhi mtunza stoo daftari lake.

"Usiamini plasta, soma namba. Na ukiona diski mbili zinafanana kama kulwa na doto, usiguse kitu. Subiri nizinduke."

Mtunza stoo anauliza, je, akichelewa kuzinduka?

Mama Waya anashika ukingo wa kabati, anajiinua taratibu.

"Basi zitazame tu."